Isale ya Fundi Rajabu

Mjukuu wangu, siku niliyovunjika mguu naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa. Bibi yako analijua hilo na siku hizi hanuni tena, ingawa zamani alinuna sana. Juzi uliniuliza sisi vijana wa zamani tulikuwa tunamhusudu nani, maana ninyi mna wachezaji wenu wa Ulaya mnaowajua majina mpaka ya wajomba zao. Nilikujibu kwa mkato kwa sababu chai yangu ilikuwa inapoa. Sasa chai imekwisha, kaa nikueleze, jibu lenyewe ni refu kidogo.

Tulikuwa chini ya Mwingereza wakati huo. Bwana Shauri, mkuu wa wilaya wa Kizungu, alikaa bomani mjini, Mangi, chifu wetu, alikaa huku juu mlimani na baraza lake, na sisi vijana wa Mbokomu tulikuwa na mambo mawili tu kichwani, kahawa na mpira. Mimi ndevu zilikuwa zinaanza kuota. Baba yangu alikuwa amekwisha kufariki, na mimi na mama tulikitunza kihamba chetu, yaani shamba la migomba na kahawa tulilorithi kwa babu. Mkubwa wa ukoo alikuwa kaka yake baba, Baba Mkubwa Naftali. Alikuwa mzee wa kanisa, mrefu, mkali, na sauti yake iliweza kumwita mtu wa ng'ambo ya bonde bila yeye kuondoka kwenye kigoda chake. Tulimwogopa, na tulimpenda pia, lakini kuogopa kulitangulia.

Mtu tuliyemhusudu hakuwa wa kwetu. Alikuwa Mwislamu wa mjini, jina lake Fundi Rajabu. Baba yake Mzigua, mama yake Mpare, mwenyewe akisema yeye ni mtu wa Moshi na hakuna kwingine anakokujua. Siku za kazi alishona nguo kwenye baraza ya duka la Mhindi mmoja, mkabala na soko la ndizi, futi ya kupimia ikiwa shingoni na miguu ikikanyaga cherehani tangu asubuhi. Siku za mpira alikuwa beki wa timu ya mjini. Hakuwa na mbio za ajabu wala hakupiga kelele. Akimwangusha mtu, alimwinua kwanza, akamkung'uta vumbi, ndipo akarudi mahali pake, hata kama mpira umekwisha kuelekea langoni kwake. Wenzake walimlaumu mno. Kuna siku walifungwa goli kwa sababu yeye alikuwa bado anamkung'uta mtu vumbi, akacheka tu na kusema goli linarudishwa.

Basi sisi wa mlimani tulikuwa tunatafuta visingizio vya kwenda kwenye baraza ile. Mimi, usimwambie mtu, niliichana suruali yangu mwenyewe kwa kisu ili nipate sababu. Nikakaa pale nimejifunga kanga ya mama kiunoni huku Fundi Rajabu akiishona ile suruali, akaitazama mahali ilipochanika, akanitazama na mimi. Aliyajua yote. Badala ya kunicheka akaanza kunifundisha mpira. "Yosia," akaniambia, "wewe unaukimbilia mpira ulipo. Angalia unakokwenda, ukautangulie." Niliyashika maneno yale kuliko mahubiri, na Baba Mkubwa asisikie hivyo huko aliko.

Mwaka ule, kahawa ikianza kuiva, tulishuka kucheza na timu ya mjini. Sisi tulicheza pekupeku, wao wachache walikuwa na viatu. Fundi Rajabu alikuwa pekupeku kama sisi. Mpira ulipigwa juu kutoka kwetu, mimi sikuukimbilia ulipo. Niliangalia unakokwenda, nikautangulia, kama nilivyofundishwa. Lakini aliyenifundisha naye alikuwa anaangalia huko huko. Tulifika pamoja. Nilisikia mlio kabla sijasikia maumivu, nikadhani ni tawi limekatika mahali fulani. Kumbe ni mguu wangu, chini ya goti.

Fundi Rajabu alikuwa wa kwanza kuinama. Nakumbuka uso wake ulivyokuwa, midomo imekauka. Alinishika kichwa akawa anasema, "Yosia, tulia, usiutazame, nitazame mimi." Hakuwa amenichezea vibaya, hilo nilijua hata pale chini. Lakini binamu yangu Elibariki, mtoto wa Baba Mkubwa, alikuwa amekwisha fika. Elibariki alikuwa na mikono ya kupasulia kuni. Akamsukuma Fundi kifuani. "Mwache! Usimguse tena!" Wakanibeba wao, wakanipeleka hospitali, nikafungwa plasta, na baada ya siku chache nikapandishwa mlimani kwa machela nikiwa nalia njia nzima kama mtoto.

Sasa nisikilize hapa, maana hapa ndipo lilipo jambo lenyewe. Unaijua isale. Ni ile mimea yenye majani marefu tunayoipanda mipakani, shamba la huyu linapoishia na la yule linapoanza. Ninyi mnaiona kama ua tu. Kwetu isale ni heshima. Aliyeumiza mtu, au aliyetukana mzee, huchukua jani la isale kutoka kwake, akalifunga fundo, akalipeleka au akatuma mtu alipeleke kwa aliyekosewa. Mwenye kuletewa jani lile hana ruhusa ya kukataa. Hata kama damu inamchemka, atalipokea, watakunywa pamoja, na jambo limekwisha. Lakini jani lisipokuja, jambo halijaisha. Hakuna kusalimiana, hakuna kupokea kitu cha mtu yule, hakuna kuonja chakula chake.

Tulingoja. Baba Mkubwa alikuja kila jioni kunitazama, na kila jioni alimuuliza mama, "Ameleta?" Mama akijibu, "Bado." Siku moja nikathubutu kumwambia Baba Mkubwa kwamba ule ulikuwa mpira tu, na kwamba Fundi ni mtu wa mjini.

"Nani amekuuliza habari za mpira?" akasema. "Mguu ule ni wa mpira? Mguu ule ni wa ukoo."

"Lakini Baba Mkubwa, pengine hajui. Tumtumie mtu amwambie."

Alinitazama akaniona mdogo kuliko nilivyojiona mimi. "Yosia, umepoteza mguu, usipoteze na akili. Aliyeumizwa amwendee aliyemuumiza kumfundisha kuomba radhi? Akija baada ya kufundishwa, amekuja yeye au nimekuja mimi?" Alikuwa na haki kwa namna yake, na hilo ndilo lililonisumbua.

Huko mjini Fundi Rajabu hakuwa amelala. Mama alikuwa anateremka na ndizi siku za soko, na mahali pake pa kuuzia palikuwa mkabala na ile baraza. Kila alipofika, Fundi aliacha cherehani, akavuka barabara, akasema, "Shikamoo mama, mgonjwa anaendeleaje?" Mama akawa anazipanga ndizi. Fundi alileta sukari. Mama aliiacha pale pale chini mpaka mbwa wakaanza kuinusa. Fundi alileta shati alilonishonea mwenyewe, mama hakuligusa. Si kwamba hakumpenda. Angelipokea lile shati angekuwa ameupokea mguu wangu kwa shati, na ukoo mzima ungemshangaa. Fundi yeye akaamini kwamba tunamchukia, na bado kila siku ya soko alivuka barabara.

Halafu Elibariki akaja kunitembelea. Alikuwa amefurahi. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akaniambia, akidhani ananiletea zawadi, kwamba ameyapanga yote na wenzake. Siku inayofuata Krismasi tulikuwa na mchezo mwingine na timu ya mjini, na Fundi Rajabu angekuwepo. "Naye ataondoka kwa machela," akasema. "Mguu kwa mguu. Nimeapa."

Mwanangu, nikayafikiria maisha ya mtu yule. Fundi anakanyaga cherehani kwa miguu. Mtu akiuvunja mguu wake hajauvunja mpira wake peke yake, ameivunja kazi yake, na nyumbani kwake kulikuwa na mke na watoto wadogo. Nilimbembeleza Elibariki, akanipiga kwa upole begani na kusema mimi ni mgonjwa nisijichoshe. Nikaona nikimshtaki kwa Baba Mkubwa, Baba Mkubwa atasema, "Aletaye isale hapigwi, asiyeleta ana nini cha kumkinga?" Nilikuwa nimelala pale na mguu umening'inia kwenye kamba, namwogopea mtu aliyenivunja, na sina njia ya kumfikia.

Nikamwambia mama. Alikuwa anamenya ndizi za mtori, supu yetu ya ndizi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya. Nilimkasirikia. Niliona mama yangu ni mtu wa kumenya ndizi tu, mambo makubwa hayawezi.

Siku ya soko iliyofuata alishuka kama kawaida. Yaliyotokea aliyasimulia jioni mwenyewe, huku akijitahidi asicheke. Fundi alivuka barabara, akamwamkia. Mama hakumjibu. Badala yake akalishika chane moja la ndizi, akaligeuzageuza, akaanza kulisema kwa sauti, tena kwa Kiswahili, ambacho mama yangu alikitumia kwa wateja tu na kwa shida.

"Wewe ndizi," akaliambia, "wewe huna adabu. Kwetu mtu akiumiza mtoto wa watu halete sukari. Sukari ya nini? Halete shati. Analeta isale. Anapanda mlima analeta isale, watu wanapokea, yanaisha. Asipoleta, hata akisalimia mpaka ndevu zikaota mvi, watu midomo yao imefungwa. Umesikia, wewe ndizi? Tena kabla ya Krismasi."

Wenzake pale sokoni walidhani jua limempiga. Mmoja alimletea maji. Lakini Fundi Rajabu alisimama palepale, akaitazama ile ndizi, akamtazama mama, halafu akasema taratibu, "Ahsante, mama." Mama akalijibu lile chane: "Haya, na wewe nyamaza." Hakuwa amesema naye. Hakuwa amemfundisha. Mila inakataza kusema na mtu, na mama aliyapitia maneno ya mila moja moja, akaona hakuna mahali panapokataza kusema na ndizi.

Jumapili iliyofuata tulikuwa uani kwetu baada ya kanisa. Mimi nilikuwa nimetolewa nje, nimekaa kwenye benchi na mguu wangu mweupe wa plasta mbele yangu. Baba Mkubwa kwenye kigoda. Elibariki alikuwa anawakatia ng'ombe mgomba kwa panga. Tukasikia watoto wanapiga kelele kutoka kule chini njiani, na nyuma yao akatokea Fundi Rajabu, amevaa kanzu safi, jasho limemtoka, na mikononi mwake amebeba isale.

Nasema isale, si jani la isale. Alikuwa ameibeba nzima, shina, majani, na mizizi yenye udongo unaodondoka mpaka kwenye kanzu.

Nilifurahi kwanza, halafu nikauona uso wa Baba Mkubwa. Alikuwa haangalii mtu, anaangalia mizizi. Fundi hakuwa na kihamba, alikuwa amepanga chumba mjini, angetoa wapi isale yake? Alipofika mlimani aliwauliza watoto, "Isale ni ipi?" Watoto wakamwonyesha iliyo karibu. Naye akaing'oa. Kumbe aliyoing'oa ilikuwa isale ya mpakani, baina ya Baba Mkubwa na jirani yake Mzee Tobia, mpaka ambao wale wazee wawili waliugombania tangu ujana wao, ukaamuliwa mbele ya Mangi, na isale ile ile ikapandwa iwe shahidi. Kung'oa isale ya mpaka kwetu ni kama kuchimbua kaburi. Watu walilaaniwa kwa hilo, walihamishwa. Na Mzee Tobia mwenyewe huyo, anakuja nyuma ya watoto mbio na fimbo, anahema, anauliza ni nani ameutuma mkono huu.

Fundi Rajabu aliona mambo yamekwenda vibaya lakini hakujua wapi. Alipiga magoti. Akasema, "Shikamoo wazee wangu. Nimemuumiza kijana wenu. Sikukusudia, lakini mguu ni wake na aliyeukanyaga ni mimi. Nimeambiwa kwenu huletwa isale. Niliona kuleta jani moja ni ubahili, nikaleta yote."

Hakuna aliyecheka, ingawa leo nikikumbuka nacheka mpaka nakohoa. Elibariki alikuwa bado ameshika panga. Baba Mkubwa alikuwa amesimama. Alikwama, mwanangu. Aliyebeba isale hakataliwi. Aliyeng'oa isale ya mpaka hasamehewi. Na huyu hapa amepiga magoti na yote mawili kwenye mikono ile ile. Nilitaka kusimama nikaenda kwake, na mguu haukunikubalia.

Ndipo mama akatoka jikoni. Hakuharakisha. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani. Akapita mbele ya Baba Mkubwa, akapita mbele ya Elibariki na panga lake, akainama, akaipokea ile isale kwa mikono yote miwili. Udongo ukamwagikia gauni lote.

"Nimeipokea," akasema.

"Mwanamke hapokei isale," Baba Mkubwa akasema. Alisema kwa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Mama akamgeukia. "Shemeji, basi nirudishie mume wangu aje aipokee."

Sikuwahi kumsikia mama akimtaja baba mbele za watu tangu tumzike. Macho yake yalikuwa makavu, yangu hayakuwa. Baba Mkubwa aliketi taratibu kwenye kigoda chake kama mtu aliyechoka safari. Mama akamngoja kidogo, akasema tena, sasa kwa upole, "Isale imepokelewa, shemeji. Lililobaki ni shimo. Shimo bado bichi. Twende wote tukaipande, wewe na Mzee Tobia mkiangalia, na aliyeing'oa aipande kwa mikono yake."

Halafu Baba Mkubwa akasema, "Elibariki, weka hilo panga. Lete jembe."

Walinibeba na benchi langu wakanipeleka mpakani, maana nilikataa kuachwa. Shimo lilikuwepo, udongo mweusi bado una unyevu. Fundi Rajabu akakunja kanzu, akaiweka isale, akashindilia udongo kwa vidole vile vya kushikia sindano. Baba Mkubwa upande mmoja, Mzee Tobia upande wa pili, wanaangalia kama marefa wawili.

"Isogeze huku kidogo," Mzee Tobia akasema.

"Tobia!" Baba Mkubwa akanguruma.

"Nilikuwa najaribu tu," Mzee Tobia akasema, na hapo watu wote wakaangua kicheko, Baba Mkubwa naye, akashika mbavu. Wale wazee hawakuwa wamecheka pamoja tangu kabla sijazaliwa.

Baada ya hapo Baba Mkubwa akachuma jani moja, akampa Fundi alifunge fundo ili mambo yaende kwa utaratibu wake. Fundi akalikunja, likafunguka. Akalikunja tena, likafunguka tena. "Fundi wa nguo gani wewe," Baba Mkubwa akamwambia, "hata fundo hujui?" Akamshika mikono akamwonyesha. Fundi akanikabidhi mimi lile jani, nikalipokea, nikamshika mkono.

Ilibaki kunywa pamoja, na kwetu kinachonywewa ni mbege, pombe ya ndizi na ulezi. Baba Mkubwa alikuwa amekwisha kuinua kata ndipo akakumbuka mgeni wake ni Mwislamu. Akabaki ameishika hewani. Mama alikuwa amelifikiria hilo tangu sokoni. Akaleta kibuyu cha maziwa mgando na sufuria ya ndizi zilizopikwa na maharage, bila nyama, ili mgeni asiwe na wasiwasi na mchinjaji. Wakanywa maziwa. Fundi alikula sana. Elibariki alikaa mbali kwa muda, halafu akaja akachukua kibuyu kutoka mkononi mwa Fundi, akanywa, akakirudisha. Kiapo chake kikaishia hapo. Fundi hakujua, na mimi sikumwambia mpaka miaka mingi baadaye, alipokuwa na mvi na mimi nina watoto. Akasema, "Kumbe ile ndizi iliniokoa mguu."

Plasta ilitolewa kabla ya Krismasi. Mguu ulikuwa umekonda na unawasha, lakini ulikubali kukanyaga. Siku inayofuata Krismasi nilishuka na fimbo kutazama mchezo. Elibariki na Fundi Rajabu walikutana kwenye mipira mingi mno, na kila mara niliogopa kwa mazoea, na kila mara wakaachana wazima. Tulifungwa. Elibariki alikasirika na refa njia nzima ya kurudi, akisema mpaka mambo ya mama yake refa, na mimi nikawa napanda mlima nyuma yake polepole nimejaa furaha.

Sasa, uliniuliza nilimhusudu nani. Nilipokuwa kama wewe ningekujibu upesi, Fundi Rajabu, na sababu ningekupa za mpira. Leo bado nakujibu Fundi Rajabu, lakini si kwa mpira. Alikuwa mtu wa sifa, mji mzima ulimjua, angeweza kukaa kwenye baraza yake akasema ajali ni ajali. Alivuka barabara kila siku ya soko kusalimia mtu asiyemjibu. Na alipojua kinachotakiwa alipanda mlima peke yake, akaingia kwenye uwanja wa watu waliomkasirikia, akapiga magoti na kanzu safi. Kwamba alikosea mmea, hilo ni dogo. Wengi wetu tunajua mmea na hatuendi.

Na yupo wa pili, ambaye nilichelewa kumwona kwa sababu alikuwa karibu mno. Nilikuwa nashuka mpaka mjini na suruali iliyochanwa kutafuta mtu wa kumwiga, na nyumbani namwacha mtu anamenya ndizi. Mama yangu hakuwahi kupigiwa makofi na mtu yeyote. Hakuivunja mila hata moja, wala hakuiacha mila imvunje mtu. Hilo, mwanangu, ni gumu kuliko kufunga magoli.

Basi nasaha yangu ni hii. Wapende wachezaji wako, shangilia mpaka sauti ikauke, hakuna ubaya. Lakini unapomchagua mtu wa kumwiga, usimpime siku anayoshinda, siku hiyo kila mtu ni mzuri. Mpime siku amemuumiza mwenzake. Tazama kama anakwenda, au anatafuta maneno. Halafu ukimaliza kutazama uwanjani, geuka utazame na jikoni kwenu, na shambani, na kwa jirani, maana huko nako kuna watu wanafanya makubwa na wewe unawapita ukiulizia chakula. Na ukikosea, usingoje ujue utaratibu wote ndipo uende. Nenda. Ukikosea namna ya kuomba, watu wema watakushika mikono wakuonyeshe.

Mungu akupe miguu mizima na kazi ya kuichosha. Akupe rafiki wa kukwambia ukweli, na chakula cha kumkaribisha. Siku utakapomkosea mtu, akupe nguvu za kupanda hadi mlangoni kwake. Na siku atakapokuja mtu mlangoni kwako, amebeba asichokijua, udongo unamdondoka, na wote wamesimama hawajui la kufanya, awepo nyumbani kwako mmoja wa kutangulia kupokea. Na kama hayupo, mwanangu, basi uwe wewe.